Udongo wa Mia

Ripoti ya kumfukuza kazi baba yangu ililetwa mezani kwangu ili niithibitishe. Sitanii. Mkuu wa Idara aliileta mwenyewe, Jumatatu saa tatu asubuhi, akanivutia kiti changu mwenyewe kana kwamba mimi ndiye mgeni pale.

"Ukurasa wa tisa tu, binti," alisema. "Soma, weka saini, tumalize."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Kwa mujibu wa hati ya usalama namba kumi na saba, ukurasa ulisema, waya uliokuwa ukiondolewa ukishaunganishwa na nondo ya ethi, ile ya kuupeleka umeme ardhini, hauwezi kubeba zaidi ya volti arobaini na nane. Volti arobaini na nane haziui. Kwa hiyo nondo haikupigiliwa ardhini. Kosa ni la fundi aliyekuwa chini.

Fundi aliyekuwa chini ni baba. Na hati namba kumi na saba niliihesabu mimi miaka miwili iliyopita, nikaisaini mimi, na siku ile idara nzima ilinipigia makofi.

Nieleze kilichotokea, maana kila aliyekieleza amekitia chumvi. Kuna waya wa zamani wa simu, kilomita tisa, kwenye nguzo fupi za chuma, unaokwenda sambamba na laini kubwa ya umeme. Ulikatwa huku na huku zamani. Hauna simu, hauna umeme, una kutu tu. Baba na mwenzake walitumwa kuushusha. Baba mafundi wanamwita Koleo, kwa sababu akishika kitu haachii, na ana miaka thelathini na mmoja kazini. Mwenzake walimwita Redio, kwa sababu hakunyamaza. Hata juu ya nguzo, mdomoni ana skrubu mbili, bado angekusimulia habari za shemeji zake.

Asubuhi ile Redio alikuwa juu, baba chini akimpandishia vifaa. Mbali kabisa, kwenye laini kubwa, kikombe cha nguzo, kile cha kigae kinachoushikilia waya, kilipasuka, na kwa muda usiofika nusu sekunde mkondo wa laini kubwa ukaingia ardhini. Nusu sekunde hiyo Redio alikuwa ameushika waya wa kutu. Alikuwa katikati ya sentensi. Alipoanguka alianguka na kebo iliyounganisha waya na nondo, kebo ikaing'oa nondo, na waliofika kwanza wakaikuta nondo imelala kwenye mawe. Basi. Baba akaangushiwa jumba bovu.

"Mkuu, huyu ni baba yangu," nilisema.

"Ndiyo maana nimekuletea wewe. Ukisaini wewe, mwanawe wa kumzaa, nani atasema tumemwonea?"

Alisema hivyo kwa upole. Mkuu ndiye aliyenifundisha kazi. Alinipokea nikiwa sijui hata kushika kalamu ya maana, na alikuwa na tabia ya kunielekeza bila kunidharau. Kwa hiyo sikumtukana. Nilifunga ripoti, nikaiweka kwenye droo, nikamwambia leo sisaini.

"Kamati inakaa Ijumaa," alisema. "Usinicheleweshe sana."

Nilikwenda nyumbani kwa wazazi mchana huohuo. Baba alikuwa amesimamishwa kazi kwa siku kumi, na kwa siku kumi alikuwa ametengeneza kila kitu ambacho hakijaharibika. Nilimkuta uani, pasi ya mama imefumuliwa juu ya gazeti.

"Mwambie baba yako aachane na pasi yangu," mama alisema kutoka dirishani. "Ilikuwa nzima mpaka alipoanza kuitengeneza."

Baba hakucheka. Mama alinikonyeza niketi, akaenda zake ndani. Nikaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Baba, niambie tena habari ya nondo."

"Nimeshawaambia mara kumi na moja." Alikuwa akifuta skrubu ambayo tayari ilikuwa safi. "Mara kumi na moja, mwanangu. Mtu mmoja anauliza, mwingine anaandika. Ulipigilia? Nilipigilia. Una hakika? Nina hakika. Kesho yake tena. Sasa nikilala naiona nondo imelala vile, kwenye mawe." Akaiweka skrubu chini. "Labda sikuipigilia."

Nataka nieleweke hapa. Mtu huyu hajawahi kuturuhusu kugusa swichi kwa mkono wenye maji. Alipokuja kunitembelea bwenini nikiwa mwanafunzi, kabla ya kuniuliza habari za masomo alikagua soketi. Na sasa mtu huyu, kwa sababu ya karatasi yangu, alikuwa akijisingizia kifo cha rafiki yake. Hasira iliyonipanda siku ile haijashuka mpaka leo, na sina mpango wa kuishusha.

"Iliingia kiasi gani?" niliuliza.

"Nini?"

"Nondo. Ulipoipigilia. Iliingia kiasi gani?"

Akanionyesha kwa mkono, kidole gumba na kidole cha mwisho. "Shubiri. Tuseme shubiri na nusu, kisha inagonga mwamba."

"Hati inasema mita moja."

Hapo akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Mita moja? Kule? Kule hata magugu yanaota kwa kuomba ruhusa. Mita moja ni ya huko kwenu mlikoandikia."

"Sasa mbona hamkusema?"

"Tuseme wapi? Fomu yenu ina visanduku viwili. Nondo imepigiliwa: ndiyo, hapana. Hakuna kisanduku cha shubiri."

Akarudi kwenye pasi yake. Nilipoaga aliniambia, bila kuinua uso, kwamba mke wa Redio alipita jana njiani akampa kisogo. Miaka kumi na tisa mwanamke yule amekuwa akimwita baba shemeji, kwa sababu ya urafiki wa waume hao wawili. Jana alipita kama anayepita mbele ya ukuta.

Nilirudi ofisini nikawasha kompyuta.

Kazi yangu ni kuhesabu umeme ambao hakuna aliyeuweka. Waya ukipita karibu na laini kubwa, hata kama umekatwa pande zote, laini kubwa inausukuma. Kujua inausukuma kiasi gani, nauchukua waya huo ndani ya kompyuta na kuukata vipande vifupi, mia nne, mia tano. Kila kipande kinavisikia vipande vingine vyote, kama wapangaji wa nyumba moja: huyu akikohoa, yule wa chumba cha mwisho anajua. Mlinganyo mmoja kwa kila kipande, na yote inatatuliwa kwa pamoja. Hiyo kompyuta inaiweza. Ugumu uko chini ya waya, kwa sababu mpangaji mkubwa kuliko wote ni ardhi yenyewe. Ardhi yenye unyevu inaupokea mkondo, inaurudisha karibu karibu, na kurudi kule kunapunguza msukumo. Ardhi kavu ya mawe inaugomea. Mkondo unazama chini na kutawanyika mbali, hakuna cha kupunguza kitu, na waya wa kutu unabeba msukumo wote. Nondo nayo, ikipigiliwa kwenye udongo mbichi, inaukamata udongo. Kwenye mwamba haikamati chochote.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu, programu inakuuliza ardhi yako inaugomea umeme kiasi gani. Inakufungulia kisanduku. Na katika idara yetu kisanduku hicho hakifunguki kikiwa kitupu. Kinafunguka kikiwa kimeshaandikwa mia. Unabonyeza, unaendelea.

Nilikitazama kisanduku kile kwa muda mrefu. Hati namba kumi na saba: mia. Nikafungua namba kumi na nane. Mia. Namba tatu, namba thelathini, mia, mia. Hati arobaini na moja, laini za milimani na za bondeni, zote zina udongo uleule. Zote nilizihesabu mimi, na mara zote arobaini na moja nilibonyeza, nikaendelea. Sikuwahi kuuliza ile mia ilitoka wapi. Nilikuwa nashughulikia mambo makubwa, vipande mia tano, milinganyo, michoro ya rangi. Udongo niliuona ni jambo la watu wenye buti.

Jibu lilikuwa kwenye jalada la kijani juu ya kabati, chini ya vumbi. Ukurasa mmoja, mwandiko wa Mkuu alipokuwa kijana: kifaa kipya cha kupima ardhi kimejaribiwa leo, matokeo mia moja, mahali ni uwanja wa mafunzo nyuma ya ofisi. Hicho tu. Walijaribu kifaa kama kinawaka, na matokeo ya jaribio yakageuka kuwa ardhi ya nchi nzima.

Nilishuka nikaenda nyuma ya ofisi. Pale pana bomba, pana maua mekundu, pana mtunza bustani ambaye hajawahi kukosa kazini.

"Unamwagilia mara ngapi?" nilimuuliza.

"Asubuhi na jioni," alisema kwa fahari. "Tangu enzi za mkuu aliyepita. Hapa hapakauki hata siku moja."

Nilimwambia naona, maua yanapendeza. Kosa halikuwa lake.

Jumanne nilichukua likizo ya siku moja. Mtunza stoo alinitolea kile kifaa kutoka rafu ya chini kabisa, akapuliza vumbi, akaniuliza kama nina uhakika ndicho ninachokitaka, maana tangu ahamie stoo hajaona mtu akikiazima. Nikasaini kitabu chake. Kisha nikaenda kumchukua baba.

Hakutaka. Alisema amesimamishwa, akionekana kule watasema anaharibu ushahidi. Nilimwambia mimi sijasimamishwa, mimi nahitaji mtu wa kupigilia, na kama haendi nitapigilia mwenyewe kwa mikono hii inayobonyeza vitufe. Akaitazama mikono yangu kwa huruma. Akachukua nyundo.

Kupima ardhi ni kazi rahisi, ndiyo maana inaudhi. Unapigilia nondo fupi nne kwa mstari, unapitisha mkondo kwenye zile za pembeni, unasoma volti kwenye zile za kati. Tulianzia nguzo ya kwanza. Baba alipigilia nondo ya kwanza, ikaingia kidogo, kisha nyundo ikabadilisha sauti. Mawe. Ya pili, mawe. Jua lilikuwa kali na ardhi ilikuwa nyeupe, na nilijisikia mjinga wa kutosha, kwa sababu hakikuhitajika kifaa chochote kuona kwamba ardhi ile haifanani na bustani ya maua. Ilihitaji mtu afike tu.

Kifaa kilisoma elfu nne na mia mbili.

Nilidhani nimekosea waya. Nikafungua, nikaunganisha tena. Elfu nne na mia mbili. Tukasogea nguzo ya kumi, ya ishirini, mahali sita kwa jumla, na palipokuwa na nafuu zaidi palisoma elfu tatu na mia moja.

Nguzo ya mwisho tuliyofika ilikuwa yenyewe, ile ya Redio. Baba alisimama mbali nayo kidogo. Kisha, bila kuambiwa, alienda kwenye gari akatoa nondo kubwa, ya kazi, mita moja na nusu, akaisimamisha hatua tano kutoka kwenye nguzo na kuanza kuipiga. Alipiga kama mtu aliyetukanwa. Iliingia shubiri, ikaingia nusu nyingine, ikagoma. Akaendelea kupiga mpaka kichwa cha nondo kikapanuka. Akaitupa nyundo, akaishika nondo kwa mkono mmoja, akaivuta. Ilitoka kwa mvuto mmoja, kama kijiko kwenye uji.

Akaitazama, kisha akanigeukia.

"Nilipigilia," alisema. "Niliipigilia vilevile, mwanangu. Hivihivi."

"Najua, baba."

"Hapana, wewe umejua leo. Mimi nilijua siku ileile, wakanisahaulisha." Akaanza kulia, na akilia anatukana, kwa hiyo nilisikia siku ile matusi ambayo sikujua kwamba baba yangu anayajua. Nilimwacha ayamalize yote.

Jumatano nilihesabu. Nilifuta mia kwenye kisanduku, nikaandika kile ardhi ilichosema yenyewe. Nondo nikaifupisha kutoka mita moja hadi shubiri na nusu. Vipande mia tano, nikabonyeza, nikasubiri. Programu haikuniletea arobaini na nane. Ilileta volti elfu mbili na mia tatu, mkononi mwa mtu aliyesimama kwenye nguzo ya chuma. Nilirudia mara nne kwa sababu nilitaka sana nikute kosa. Kosa halikuwepo. Redio aliuawa na waya ambao karatasi yangu ilimwambia ni salama.

Alhamisi asubuhi nilimpelekea Mkuu. Alisoma kurasa zote, polepole, na lazima niseme ukweli: alielewa kila kitu kabla hajafika mwisho. Niliona uso wake ukielewa. Alivua miwani akaifuta.

"Ile mia niliiandika mimi," alisema. "Nilikuwa najaribu kifaa. Sikumwambia mtu aitumie."

"Wala hukumwambia mtu asiitumie."

Akaikubali hiyo kwa kichwa. Kisha akafunga mlango, na alipoketi tena hakuwa yule aliyenifundisha kazi.

"Sikiliza, binti. Baba yako hatafukuzwa. Atastaafu mapema kwa sababu za kiafya, kwa heshima, na hotuba fupi. Ripoti itasema chanzo cha ajali hakikujulikana. Wewe utazirekebisha hati kimyakimya, moja moja, mwaka huu na mwaka ujao. Hakuna atakayeumia."

"Na mafundi walio juu ya nguzo leo?"

"Wamepanda miaka yote hiyo."

"Na Redio alipanda miaka yote hiyo."

"Ukiikana hati hiyo unajikana mwenyewe," alisema. "Saini si yangu, ni yako. Mimi niliandika mia kwenye jalada. Wewe uliiandika kwenye hati arobaini na moja. Wakitafuta mtu wa kumtwika, hawatanitwika mimi."

Alikuwa anasema kweli, na alidhani ukweli huo utanifanya nifyate mkia. Nilikuwa na hofu, sitaki kujifanya jabali. Lakini kuna hofu inayokuambia kimbia, na kuna nyingine ambayo ukishaiona mwisho wake unagundua huna tena cha kupoteza ila usingizi, na usingizi nilishaupoteza tangu Jumatatu.

Nilitoka pale nikaenda kuandika barua. Kanuni ya shirika letu ni moja, na mafundi wanaijua kuliko maombi yao: bila hati yenye saini hai, msimamizi haruhusiwi kupandisha mtu kwenye waya. Saini ni ya aliyehesabu. Na aliyehesabu, kwa kifungu ambacho hakuna aliyewahi kukitumia, anaweza kuiondoa wakati wowote kwa kuandika mistari miwili. Niliandika mistari miwili. Ninaondoa saini yangu kwenye hati namba moja hadi arobaini na moja, kwa sababu ardhi iliyomo ndani yake haikupimwa. Kazi zote kwenye nyaya hizo zisimame mpaka ipimwe. Ijumaa saa moja asubuhi niliituma kwa wasimamizi wote, vituo vyote, kisha nikavaa viatu vyangu vizuri nikaenda kwenye kamati.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi mdogo wa mikutano, ule wenye feni inayolalamika. Mwenyekiti alikuwa mwanasheria wa kike kutoka nje ya shirika, mtu wa maneno machache, kalamu yake mkononi. Mkuu aliketi kulia kwake. Baba aliketi peke yake upande wa dirisha, ndani ya suti aliyonunua kwa ajili ya mahafali yangu. Mke wa Redio alikuwa karibu na mlango, nguo nyeusi, mkoba mapajani, macho ukutani.

Nilipoitwa niliweka mezani vipimo sita na hesabu mpya, nikaeleza kama nilivyoeleza hapa, bila maneno makubwa. Niliwaambia volti arobaini na nane ni za bustani ya maua. Kule ni elfu mbili na mia tatu. Nondo ilipigiliwa, na hata ingepigiliwa na jeshi zima isingesaidia, kwa sababu hapakuwa na ardhi ya kuikamata.

"Hizi ni hesabu za kompyuta tu," Mkuu alimwambia mwenyekiti. "Na za mtoto kwa baba yake."

"Zile za kwanza nazo zilikuwa hesabu za kompyuta," nilisema. "Hizo mlizipenda."

Hapo simu ya Mkuu ikaanza kutetemeka mezani. Akaizima. Ikatetemeka tena. Mwenyekiti akamuuliza kama kuna dharura. Mkuu alisoma ujumbe, akasoma mwingine, na shingo yake ikabadilika rangi.

"Kazi zimesimama," alisema. "Vituo vyote. Huyu binti amesimamisha vituo vyote."

"Ni kweli?" mwenyekiti aliniuliza.

"Ni kweli. Nimeondoa saini yangu."

"Irudishe," Mkuu alisema. "Sasa hivi, hapahapa, na mimi nitasahau."

"Sirudishi. Nifukuze, nishtaki, nipeleke popote unapotaka. Mpaka kila ardhi ipimwe, hakuna mtu atakayepanda nguzo kwa saini yangu. Unayo kalamu. Weka ya kwako."

Nilimsubiri. Kalamu yake ya dhahabu ilikuwa mfukoni mwake, na hakuigusa. Mwenyekiti naye alikuwa akimtazama. Aliona alichokiona, na akakiandika.

Kisha akamgeukia baba. "Una la kuongeza?"

Baba alisimama, akafunga kifungo cha suti. "Nilipigilia," alisema. "Sina lingine."

Mke wa Redio alinyoosha mkono. Mwenyekiti alimruhusu kwa kichwa. Alisimama, akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye doa la mafuta pembeni.

"Hii walinipa hospitali, pamoja na nguo zake," alisema. Alikuwa ananiangalia mimi. "Ilikuwa mfukoni mwa shati. Ni yako?"

Ilikuwa nakala ya hati namba kumi na saba.

"Ni yangu."

"Ulikuwa umefika kule kabla ya kuiandika?"

"Sikufika."

"Ulifika lini?"

"Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Jumanne hii."

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Aliendelea kunitazama mpaka nikatamani sakafu ipasuke, na sikuinamisha macho, kwa sababu hilo tu ndilo nililokuwa nalo la kumpa. Kisha akavuka ukumbi mpaka dirishani, mbele ya baba.

"Shemeji, nilikupa kisogo njiani," alisema. "Nilikukosea."

"Hukunikosea," baba alisema. "Hata mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kujipa kisogo."

Akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akakaa kiti kilichokuwa karibu naye. Lakini kabla ya kukaa alipita mezani kwangu, na ile karatasi akaiweka mbele yangu. Sikuomba anisamehe, si kitu cha kuomba mbele ya watu, na sijui kama ni kitu cha kuomba kabisa.

Mkuu alikohoa. "Mwenyekiti, kwa heshima ya marehemu na kwa utulivu wa shirika, napendekeza bado tuandike kwamba chanzo hakikujulikana."

Baba alinyanyuka. Nilimwashiria akae. Nilichukua karatasi ya Redio, nikaikunjua, nikaizungusha ili maandishi yamwelekee mwenyekiti, nikaisukuma mpaka ikagusa mkono wake.

"Chanzo ni hiki," nilisema. "Saini iko chini, kulia. Ni ya kwangu."

Mwenyekiti aliisoma kutoka juu mpaka chini. Akaweka kidole kwenye saini, akavuta ripoti karibu, akaanza kuandika.